Kinyama Ndani ya Mfuko Mbadala

Jumanne moja ya Machi 2022, majira ya saa saba mchana, nilipita fremuni kwa mama, Mtaa wa Kongo, Kariakoo, kula naye wali kama nifanyavyo siku ninazotoka maabara mapema. Chini ya meza, kati ya robota la vitenge na ndoo ya maji, palikuwa na mfuko mbadala wa kijani. Nilipousogeza ili nipate pa kukaa, kitu kikagonga sakafu. Ndani mlikuwa na nyanya mbili, karatasi iliyokunjwa mara nne, na chupa iliyowahi kuwa ya jemu, kifuniko chake kimezungushiwa plasta. Ndani ya chupa kilielea kipande cha nyama kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Kilikuwa kinyama cha mama mdogo. Asubuhi ile, katika hospitali moja ya hapa mjini, walikuwa wamemkata kipande kwenye donge la titi la kushoto. Chupa wakamkabidhi kijana wake wa miaka 19 pamoja na maelekezo ya mdomo: peleka maabara, lipia, subiri majibu. Kijana hakuwa na hela ya kipimo. Akapanda daladala mpaka Kariakoo kumwomba mama mkubwa wake. Mama alikuwa na wateja kutoka Kahama, akamwambia asubiri kidogo. Kijana akaitwa kusaidia kushusha mzigo kutoka stoo. Chupa ikakaa pale, kwenye joto la Machi, tangu saa nne.

Nilifungua kifuniko nikanusa. Fomalini haijifichi, ukiifungua inachoma macho kabla hujaisogeza puani. Ile chupa haikunuka kitu. Walikuwa wameweka maji ya dripu.

Mimi si daktari wa kutibu, ingawa majirani wa fremu wananiita daktari tangu nirudi na shahada yangu. Ni mwanabiolojia wa molekuli. Mwaka wa kumi na moja sasa nasoma protini zinazokaa juu ya seli za saratani ya titi, zile zinazopokea amri ya kukua. Ningeweza kueleza usiku kucha jinsi amri hiyo inavyoingia ndani ya seli, hatua kwa hatua. Na kinyama cha mama yangu mdogo, chenye habari yote ninayoitafuta kila siku, kilikuwa kinaoza chini ya meza ya vitenge.

Nilikimbia nacho maabara, nikakitia fomalini jioni ile. Nilijua nimechelewa. Mama alinifuata mpaka mlangoni, akaniuliza swali ambalo sijaulizwa kwenye mkutano wowote wa kisayansi niliowahi kuhudhuria: "Kwani mwanangu, hiyo nyama ilikuwa iseme nini?"

Nilimjibu siku iliyofuata, kwa biashara yake mwenyewe.

Mteja wa Kahama anapiga simu. Mama anapokea, anaandika oda, anamwita kijana wa stoo. Kijana anashusha marobota, kuli anapakia kwenye mkokoteni, mzigo unaenda kwenye gari. Oda ikikamilika, simu inakatwa na stoo inafungwa. Seli ya mwili haina tofauti kubwa na hiyo fremu. Juu ya ngozi yake kuna vipokezi, ambavyo ndivyo simu zake. Kichocheo cha ukuaji, protini ndogo inayotoka kwenye seli nyingine, ndiye mteja. Kikishika kipokezi, amri inapokezwa ndani kutoka protini moja hadi nyingine, kila moja ikiigonga mhuri wa fosfeti ile inayofuata, mpaka kwenye kiini. Huko jeni za kugawanyika zinafunguliwa na seli moja inakuwa mbili. Kuli akijikata kidole kwa bati pale Mtaa wa Mchikichi, vichocheo vya namna hii ndivyo vinavyoita seli za ngozi zije kuziba kidonda. Kidonda kikiziba, simu zinakatwa.

Kuna kipokezi kimoja kinaitwa HER2. Seli ya kawaida ya titi ina kama 20,000 hivi vya aina hiyo. Katika baadhi ya saratani za titi jeni yake imejirudufu, na seli moja inaweza kubeba mpaka 2,000,000. Chukua fremu yenye simu moja uifunge simu mia. Tena hizi ni simu za ajabu, kwa sababu HER2 haina mteja wake maalumu anayejulikana. Inafanya kazi kwa kushikana na ndugu zake. Zikijazana, zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Zinaitana mchana na usiku bila mtu kupiga, na kijana wa stoo, kwa utiifu wake, anaendelea kushusha mzigo mpaka barabara inaziba.

Mama alinyamaza. Mtaa wa Kongo ukiziba anajua maana yake.

Elimu hii haikushuka mbinguni, na mtu ajue ilivyopatikana. Mmarekani Stanley Cohen alikuwa akiwadunga vitoto vya panya maji yaliyotolewa kwenye tezi za mate za panya wakubwa. Akaona wanafumbua macho siku kadhaa kabla ya wenzao, na meno yanatoka mapema. Mwingine angepuuza. Yeye aliuliza kuna nini humo, akakitenga kichocheo cha ukuaji wa ngozi ya juu. Mwaka 1986 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini, Mwitaliano ambaye sheria za kibaguzi za Mussolini zilimfungia mlango wa chuo kikuu kwa kuwa Myahudi, naye akafungua maabara chumbani kwake alikolala, akachunguza mishipa ya fahamu ya vifaranga ndani ya mayai. Mwaka 1985 Axel Ullrich na wenzake wakasoma jeni ya HER2. Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Los Angeles akachapisha kazi iliyobadilisha matibabu ya titi duniani: wanawake ambao uvimbe wao una nakala nyingi za jeni hiyo walikuwa wakifa mapema kuliko wenzao. Mwaka 1998 Marekani ikaidhinisha trastuzumabi, kingamwili inayokaa juu ya kipokezi hicho na kukizuia kupiga kelele.

Ninapofundisha vijana, naikawiza sehemu ya Slamon. Kazi ile ilisimama juu ya vinyama 189. Vinyama 189 vya wanawake, vimetunzwa vizuri, na sehemu yake vina kumbukumbu ya mgonjwa: alipata nini, aliishi muda gani. Angepewa vinyama 189 vilivyoloweshwa maji ya dripu na kuachwa juani, HER2 ingebaki herufi tatu na tarakimu kwenye daftari la mtu. Sisi tunaisifia dawa na tunaisifia mashine. Chupa haisifiwi na mtu.

Basi nieleze chupa.

Kinyama kikitoka mwilini, damu imekatika, na seli zinaanza kufa na kujila. Vipokezi ninavyovisoma ni protini. Vinachakaa kama maziwa yanavyoganda nje ya friji. Mwongozo unaofuatwa duniani unataka kinyama kiingie kwenye fomalini ndani ya saa moja, fomalini iwe nyingi mara kumi ya kinyama, na kikae humo kati ya saa 6 na saa 72. Hapo protini zinafungwa mahali zilipo. Kisha kinalowekwa kwenye nta mpaka kinakuwa kibonge kidogo, ambacho ukikitunza kinasomeka hata baada ya miaka 30. Fundi wa maabara anakikata kibonge kwa wembe wa mashine, vipande vya maikroni 4, vyembamba kuliko unywele kwa mara kumi na zaidi. Vinaelea juu ya maji ya uvuguvugu, vinajikunjua polepole kama ukaya uliotupwa kisimani, naye anavizoa kwa kioo. Nimeifanya kazi hiyo. Ukipumua vibaya, kipande kinaruka.

Juu ya kioo tunamwaga kingamwili inayotafuta HER2, halafu rangi. Penye kipokezi panageuka kahawia. Seli yenye HER2 nyingi kupita kiasi inaonekana imezungushiwa mstari wa kahawia mzito pande zote, na seli zikibanana uvimbe mzima unafanana na wavu wa banda la kuku. Hiyo ni alama 3. Alama 0 na 1 ni hasi. Alama 2 inatuma kinyama kwenye kipimo cha pili, cha kuhesabu nakala za jeni zenyewe.

Kinyama kilichochelewa kinaweza kutoa kioo cheupe. Mtu akikisoma ataandika hasi. Weupe ule unaweza kuwa uongo mtupu, na hakuna anayejua, si daktari, si mgonjwa. Mwanamke anapelekwa kwenye dawa zisizomhusu kwa sababu ya saa tatu chini ya meza. Naogopa majibu ya namna hiyo kuliko majibu ya "sampuli imeharibika", ambayo angalau yanakiri.

Mama mdogo alipewa majibu yanayokiri. Wiki tatu baadaye karatasi ilikuja: sampuli haifai, irudiwe. Akakataa. "Wameshaichokoza mara moja," akasema, "hawaigusi tena." Wanawake wengi wa mji huu wanaamini kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unasambaa. Nimewasikia wakisema hivyo kwenye foleni ya mwendokasi pale Gerezani, nimewasikia kwenye vikoba, na siwacheki, kwa sababu wanachokiona ni kweli: jirani alikatwa kinyama, miezi michache baadaye akafa. Hawaambiwi kwamba jirani alifika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne, kama ilivyo kwa wagonjwa wetu wengi, na kwamba kati ya kukatwa na kutibiwa kulipita majira mawili ya mvua. Imani ile inalishwa na ucheleweshaji wetu. Tukitaka waiache, tuwahi.

Ilichukua miezi mitano kumrudisha. Safari hii nilikwenda naye, na chupa yangu mkononi, fomalini ndani. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili: HER2 alama 3. Matezi ya kwapani yalikuwa tayari yamejaa.

Simlaumu muuguzi wa Machi. Alikuwa na wagonjwa ukumbi mzima na chupa ya fomalini imekwisha stoo tangu wiki iliyotangulia. Aliniambia mwenyewe, macho chini. Alimimina alichokuwa nacho. Lawama yangu naielekeza kwenye mazoea tuliyoyakubali: kwamba kinyama ni mzigo wa ndugu. Dawa husafirishwa na Bohari ya Dawa kwa magari yenye nembo. Damu husafirishwa kwenye kasha la baridi na mtu aliyefundishwa. Kinyama cha saratani, ambacho pengine hakitapatikana kingine, anapewa kijana mwenye nauli ya kwenda tu.

Wapo watu waungwana, baadhi wamesoma kunizidi, wanaoniambia: mdogo wetu, hata ukijua ni HER2, dawa yenyewe ina bei ya kiwanja, utamwambia mgonjwa jambo usiloweza kumtibu? Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi na kila mara inaniuma. Kwanza, kinyama kilekile na siku ileile kinapimwa kipokezi cha homoni ya estrojeni, nayo ni amri nyingine ya ukuaji. Mwenye kipokezi hicho anahitaji tamoksifeni, kidonge kimoja kwa siku kwa miaka mitano au zaidi, dawa ya zamani, ya bei ya chini, inayookoa maisha mengi kuliko sindano yoyote ya kifahari. Asiye nacho hanufaiki nayo hata aimeze kwa maombi. Nani anapewa na nani hapewi, anayejua ni kioo chenye rangi ya kahawia.

Pili, trastuzumabi si ile ya 1998. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwishoni mwa 2019 likathibitisha ubora wa nakala yake ya kwanza inayotengenezwa na kampuni nyingine, jambo linaloshusha bei. Majirani zetu Kenya walikaa mezani na kampuni ya Roche kuhusu dawa hii tangu 2016. Ili ukae meza hiyo unahitaji kujua una wagonjwa wangapi. Duniani kote HER2 inapatikana kwa mwanamke mmoja kati ya watano au sita wenye saratani ya titi. Kwetu huwezi kupanga bajeti kwa hesabu ya kukopa wakati vinyama vinatupwa kwa kuharibika. Mwenye duka asiyehesabu stoo hapewi bei ya jumla.

Na tatu, hatujui bado saratani zetu vya kutosha. Mwaka 2014 watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Italia, walichapisha kazi ya wagonjwa 52 wa titi: zaidi ya theluthi hawakuwa na kipokezi hata kimoja kati ya vitatu tunavyopima: HER2, kile cha estrojeni na kile cha projesteroni. Wagonjwa 52 ni wachache, na waandishi wenyewe waliiita kazi ya awali. Lakini imenikosesha usingizi. Kama wanawake wetu wengi kiasi hicho hawana simu tunazozijua, basi amri ya kukua inaingia kwa mlango mwingine, na mlango huo ni kazi ya kizazi changu kuutafuta, kwenye vinyama vya wanawake wa hapa. Hakuna atakayetutafutia. Mji huu haukuanza jana kushika darubini; daktari Mjerumani Robert Koch alikuwa hapa Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898 akichunguza magonjwa yetu, na kule ufukweni hospitali waliyoijenga Wajerumani kwa ajili ya Wazungu ndiyo leo Taasisi ya Saratani Ocean Road, inayowapokea mama zetu kutoka kila mkoa. Tuna madaktari wa patholojia, wachache lakini hodari. Wanachoomba ni kitu cha kusoma.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Nawaomba wanaopanga kitita cha huduma wakiandike kipimo cha vipokezi vya titi kama haki ya kila mwanamke anayekutwa na saratani hiyo, kisiwe nyongeza ya mwenye nacho. Na kabla ya hapo, wiki hii hii, kila chumba kinachokata kinyama nchini kiwe na chupa zilizokwisha kutiwa fomalini, na saa ya kukatwa iandikwe kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika. Fomalini ya chupa moja haifiki bei ya soda. Hospitali ikate, hospitali isafirishe. Ndugu abaki ameshika mkono wa mgonjwa, anakohitajika.

Mama mdogo alitibiwa. Alipata kemo, na trastuzumabi alipata dozi saba kati ya kumi na nane. Nne za mwisho zililipwa na mtaji wa fremu. Katika dozi ya tatu donge lilipungua mpaka akawa analitafuta kwa vidole na kucheka. Nililiona jambo nililolisoma kwenye vitabu likitokea kwenye mwili wa mtu aliyenibeba mgongoni. Lakini ugonjwa ulikuwa umeshatangulia kwenye mifupa, katika ile miezi mitano. Alifariki Novemba 2023. Kijana wake sasa anaendesha bodaboda kituo cha Lumumba. Hajawahi kuniuliza kuhusu ile chupa, nami sijapata namna ya kumwambia kwamba hakukosea.

Mwezi uliopita jirani yetu wa fremu, muuza viatu vya watoto, aliandikiwa kukatwa kinyama. Mama alifunga duka saa tatu asubuhi, jambo ambalo sikumbuki akilifanya siku ya kazi, akamsindikiza. Saa nne na nusu simu yangu ikalia. Ilikuwa picha: chupa nyeupe ya plastiki, lebo, tarehe, "saa 4:20" kwa kalamu nyeusi, na nyuma yake mkono wa muuguzi umeshika kifuniko. Chini ya picha mama alikuwa ameandika: "Nimemwomba nesi aifungue ninuse. Inachoma macho."